MTO HUPONYWA MLIMANI

Mtu akiitandaza ramani ya nchi yetu mezani, akauweka udole wake penye Ziwa Burunge na kuufuata Mto Tarangire kuurudia nyuma kuelekea kusini, atapita katikati ya mbuga ya wanyama iliyo mashuhuri duniani. Kisha atatoka nje ya mpaka wa mbuga hiyo, na mwisho udole wake utafika katika vilima vya Kondoa, kwa Warangi. Huko ndiko maji yanakoanzia. Wageni waendao Tarangire wakati wa kiangazi huona tembo wakiuchimba mchanga wa mto kwa miguu na mikonga ili wayapate maji yaliyojificha chini, nao hupiga picha na kustaajabu. Ni wachache miongoni mwao waulizao maji yale yametoka wapi, na ni nani aliyeyatunza huko yatokako. Leo twapenda kuliuliza swali hilo katika ukurasa huu, kwa kuwa ni swali la kazi na tena ni swali la haki.

Vijito vingi vya nchi yetu vimekufa, na vingine vi mahututi. Hakuna wilaya ambayo mzee hawezi kumwonyesha kijana mahali alipokuwa akiteka maji utotoni mwake, na leo pana mchanga mkavu mpana kama kiwanja cha mpira. Wengi hudhani kwamba kijito hufa kwa kukosa mvua. Mara nyingi sivyo. Kijito hufa kwa maji mengi yapitayo upesi mno.

Yafaa tulielewe jambo hili vizuri, maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuijua dawa. Mahali penye majani na miti, tone la mvua huangukia jani kwanza, hushuka polepole, huingia ardhini kwa njia ya mizizi, na kukaa humo kama akiba ya mtu mwenye busara. Chemchemi hutumia akiba hiyo kidogo kidogo mpaka mvua nyingine inyeshe. Lakini mahali palipo uchi, tone huupiga udongo kama nyundo na kuuziba. Maji yasipopata pa kuingia hukimbia juu ya ardhi, nayo hayakimbii mikono mitupu, huchukua udongo. Njia ya ng'ombe huwa mfereji, na mfereji huwa korongo.

Korongo likikwisha kuzaliwa, lina tabia moja ya ajabu ambayo kila mkulima wa milimani anaijua: hula kwenda juu, kinyume cha maji. Pale kichwani pake maji huanguka kama yaangukavyo kutoka pembeni mwa paa, huchimba chini ya ukingo, ukingo huporomoka, na korongo likasogea hatua nyingine kuelekea shamba. Kule chini nako kijito huathirika kwa njia mbili. Pengine hukatwa kikaenda chini sana, na kikiisha kushuka huyavuta maji yote ya ardhini yaliyokuwa pande zake mbili. Mikuyu na matete ya kandokando hukauka kwa kuwa mizizi imeachwa juu ya maji. Pengine hujazwa mchanga kikatapakaa, kikafunika mashamba ya watu. Kwa vyovyote viwili, samaki na vyura hutoweka, ndege waliojenga viota katika matete huhama, na mnyama aliyekuja kunywa usiku hutafuta mahali pengine. Nyumba yao imebomolewa.

Vilima vya Irangi huko Kondoa ni mfano mkubwa wa ugonjwa huu katika Tanzania. Eneo lililopimwa na kutangazwa kuwa limemomonyoka lina kilomita za mraba 1,256. Yamo makorongo ambayo yangeweza kuimeza nyumba ya ghorofa, yenye kuta za udongo mwekundu zilizosimama wima. Na hapo hapo jirani, katika miamba ya Kolo, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu picha za pofu, twiga na tembo. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa hiyo tunao ushahidi, ulioandikwa kwa mkono wa mwanadamu, kwamba wanyama wakubwa walikuwa sehemu ya maisha ya vilima hivyo.

Nani alaumiwe? Mkoloni alikuwa na jibu tayari: Mrangi na ng'ombe wake. Jibu hilo lilikuwa jepesi mno. Wataalamu waliouchimba udongo uliorundikana mabondeni na kuupima umri wake wameona kwamba mmomonyoko wa Kondoa ni wa kale; sehemu yake ni ya maelfu ya miaka. Miteremko ile ni mikali na udongo wake hushikana kwa shida. Katika karne ya kumi na tisa Kondoa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na wapagazi walihitaji chakula, na chakula kilihitaji mashamba. Kisha wakaja Waingereza, wakaamuru vichaka na misitu ikatwe katika maeneo makubwa ili mbung'o wafukuzwe. Ni kweli kwamba mbung'o ni adui, na malale yaliua watu. Lakini mlima uliokatwa miti yote hauulizi miti ilikatwa kwa sababu gani. Ng'ombe nao waliongezeka, hilo hatulikanushi. Kesi hii ina washitakiwa wengi, na si haki mmoja wao peke yake apelekwe gerezani.

Dawa ya mkoloni ilikuwa amri na faini. Huko Uluguru, katika miaka ya 1950, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ya kuuzuia udongo usiende mtoni haikuwa mbaya, wala hatusemi kwamba mabwana shamba wa siku zile walikuwa wajinga. Lakini udongo wa Uluguru wenye rutuba ni mwembamba. Matuta yale yaliufukia chini na kuuleta juu udongo mbichi usiozaa, na Mluguru alijua hivyo kabla ya kuambiwa. Mwezi wa Julai mwaka 1955 palitokea ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wote ukaanguka. Wazee wa Chama wanakumbuka kwamba hasira za matuta zilikuwa mlango mmojawapo ambao TANU iliingilia vijijini. Mfanyakazi wa Dar es Salaam asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Maji afunguayo bombani asubuhi kwa sehemu kubwa ni ya Mto Ruvu, na Ruvu huanzia Uluguru.

Baada ya Uhuru kazi ya Kondoa ilikuwa yetu wenyewe. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wananchi waliuita kwa kifupi HADO, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Mwanzoni mkazo ulikuwa katika vyombo na ujenzi. Matingatinga yalifanya makinga maji marefu kufuata usawa wa mlima, vizuizi vilijengwa katika makorongo, na miche ya miti ilioteshwa na kugawiwa. Kazi ilikuwa kubwa, lakini ng'ombe waliendelea kupita juu ya hayo yote. Mche uliopandwa jana uliliwa leo, na tuta lililojengwa kwa gharama nyingi lilikanyagwa likafunguka.

Ndipo mwaka 1979 likatolewa shauri zito: mifugo yote iondoke katika eneo lote lililomomonyoka. Walitolewa wanyama wapatao 90,000, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Yaliyofuata yanastahili kuelezwa bila kutia chumvi. Ardhi ilifanya yenyewe kazi ambayo tingatinga lilishindwa kuifanya. Baada ya misimu michache ya mvua majani yalirudi miteremkoni, vichaka vikashika kuta za makorongo, na miti ya asili ikachipua kutoka katika visiki ambavyo watu walidhani vimekufa zamani. Mafuriko yalipungua ukali. Mito ya mchanga iliyokuwa imetapakaa ilianza kujikusanya katika njia nyembamba, na kandokando yake, pale palipokuwa mchanga mtupu, Warangi walipanda miwa, viazi vitamu na migomba. Makorongo makubwa hayakutoweka. Hakuna mtu wa kizazi hiki atakayeyaona yakitoweka. Lakini mengi yalitulia.

Sasa tuitazame kurasa ya pili ya daftari, ambayo wapenzi wa misitu mara nyingi huiruka. Ng'ombe kwa Mrangi hakuwa pambo. Alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari ya kijana, na benki ya mzee. Siku alipotolewa, vyote hivyo vilitoka pamoja naye. Waliokuwa na ndugu nje ya eneo waliwapeleka mifugo huko, wengine waliuza. Shamba lililokuwa likipata samadi kila mwaka likakaa bila samadi. Na aliyekutwa na mnyama ndani ya mpaka alikamatwa. Ufugaji wa zizini, yaani ng'ombe wachache wa maziwa wanaofungiwa nyumbani na kukatiwa majani, uliruhusiwa na kufundishwa huko kuanzia mwaka 1989.

Kutoka 1979 hadi 1989 ni miaka kumi. Maoni yetu ni kwamba miaka kumi hiyo ilikuwa mirefu mno. Shauri la kuwatoa mifugo tunalikubali, kwa kuwa mlima ulikuwa unakufa na hapakuwa na njia nyingine iliyokuwa imefaulu. Lakini zizi na majani ya kukata vingeweza kufika siku ile ile ambayo amri ilifika. Mtoto aliyezaliwa Kondoa mwaka 1979 alikuwa darasani kabla maziwa hayajarudi nyumbani kwao. Taifa lilipata mlima uliopona, na gharama ya dawa ililipwa na jamaa za mlimani peke yao. Na deni la namna hiyo halisahauliki. Mpango ulipokwisha katikati ya miaka ya 1990 na walinzi wakapungua, mifugo ilianza kurudi hapa na pale kwa siri, usiku, kama kitu cha haramu. Tusiharakishe kuwaita watu hao waharibifu. Tujiulize kwanza kama tuliwahi kuwapa sababu ya kuupenda ule msitu.

Njia nyingine ilijaribiwa Shinyanga, nayo yatupasa kuitazama kwa makini, kwa kuwa huko ng'ombe hawakufukuzwa. Wasukuma wana desturi ya zamani iitwayo ngitili: wakati wa mvua jamaa au kijiji hufunga sehemu ya malisho, wasiingize mnyama humo, ili majani yakue na kukauka yakiwa yamesimama, yaje kuliwa kiangazi kikali. Ngitili nyingi zilivunjika. Zilivunjwa na ukataji miti wa kufukuza mbung'o, zikavunjwa na mashamba ya pamba, na lazima tuseme kweli, zilivunjwa pia na uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970, kwa kuwa mtu aliyehamishwa mbali na ngitili yake hakuweza tena kuilinda. Mwaka 1986, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, zilibaki hekta 600 hivi tu.

Mabwana wa mpango huo walifanya jambo la busara: hawakuja na desturi mpya. Waliifufua ile iliyokuwapo. Mipaka ilikubaliwa katika mikutano ya vijiji na katika baraza la jadi la dagashida, na aliyevunja mpaka alihukumiwa na majirani zake kabla ya kuhukumiwa na Serikali. Kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Safari ya kuteka maji na kutafuta kuni ilifupika, na anayejua ni nani aendaye safari hizo atajua furaha hiyo ilikuwa ya nani. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa watu wa vijijini wanaotunza viumbe na kupunguza umaskini kwa pamoja.

Na viumbe walirudi bila kualikwa. Uchunguzi wa Shinyanga uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu katika ngitili aina 145 za ndege na aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Wanyama nao walirudi, pamoja na wale ambao mkulima hakuwatamani. Maana pori likirudi haliwezi kuleta kwale na kanga peke yao, lazima limlete na fisi. Hasara iliyofanywa na wanyama ilipimwa kuwa kama dola 63 za Marekani kwa jamaa moja kwa mwaka. Faida ya ngitili, kwa kuni, miti ya kujengea, malisho, dawa, asali na matunda, ilipimwa kuwa kama dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Hesabu hiyo mkulima aliifanya mwenyewe kichwani bila kalamu, ndiyo maana akaendelea kulinda.

Hapo ndipo twarudi Tarangire. Mbuga ile ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Kiangazi kikifika, pundamilia, nyumbu na tembo wanaotawanyika nyikani wakati wa mvua hurudi wote kwenye mto ule mmoja. Mto ukijaa mchanga kutoka juu, au maji ya kiangazi yakikoma, hakuna ua wala bunduki ya askari wa wanyama itakayowaokoa. Kwa hiyo mkulima wa Kondoa anayeacha mteremko wake ukiwa na majani, au anayefunga ng'ombe wake zizini na kubeba majani kichwani kila asubuhi, anaitunza mbuga ya taifa kama vile askari anavyoitunza. Askari hulipwa mshahara. Mkulima hapati kitu kwa kazi hiyo, na wakati mwingine hupata nyayo za tembo katika mahindi yake.

Hatusemi kila mtu wa mlimani alipwe mshahara. Nchi haina fedha hizo. Lakini sehemu ya mapato yaletwayo na maji inaweza kupanda mlima mpaka yanakotoka maji, si kwa hotuba bali kwa vitu: ng'ombe bora wa maziwa kwa mkopo mwepesi, mbegu za majani ya malisho, nyundo na mitaimbo ya kuvunjia mawe, bwana mifugo anayefika kabla mnyama hajafa. Mji unaokunywa maji ya mlima nao una fungu lake la kutoa. Mwenye kiwanda anayelalamika maji yanapokatwa aanze kuuliza bei ya kichaka kilichoko kwenye chemchemi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema, nayo huvunjwa kila siku mbele ya macho yetu. Lakini viongozi wa vijiji waitumie wakiwa na macho mawili. Katika vijiji vingi ukanda huo wa meta 60 ndimo ilimo bustani ya mchicha ya mama mjane, kwa kuwa pengine pote palikwisha kuchukuliwa na wenye nguvu. Akiondolewa yeye bila kupewa kipande kingine, na pampu ya mwenye shamba kubwa ikaachwa hapo hapo inanguruma, basi tumelinda mto kwa kumnyang'anya mnyonge, naye atarudi usiku kama walivyorudi ng'ombe wa Kondoa. Kipande cha badala kipimwe kwanza, ndipo vigingi vya meta 60 vikapigwe.

Kwa wanachama walio katika matawi ya vijijini, ambao wana korongo nyuma ya shule au kando ya njia, twaongeza maneno machache ya kazi. Msianzie chini penye shimo kubwa linalotisha; anzeni juu, penye kichwa cha korongo na miteremko inayolilisha. Geuzeni maji yasianguke hapo, na mfunge sehemu hiyo isipite mifugo. Vizuizi vya mawe viwe vingi na vifupi, kimo cha goti hadi kiuno, kuliko ukuta mmoja mrefu ambao mvua moja kubwa itauondoa na kuuongezea korongo mawe ya kusagia. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko kandoni, ili maji yapite katikati yasizunguke na kula ukingo. Mawe yapangwe bila saruji. Maji yachuje, tope libaki. Tope likijaa nyuma ya kizuizi, pandeni humo majani ya tembo au matete, kisha inueni kizuizi kwa mawe mengine. Kazi ya mawe ifanyike Septemba na Oktoba, wakati korongo limekauka na shamba halijaanza kudai jembe. Miche na majani yangoje mvua ya pili au ya tatu, udongo ulipokwisha kushiba.